Marvin Yako Imebeba Historia Kuliko Unavyodhani

Wacha nianze na kauli ambayo najua itachoma wengine: kofia ya krosheti si "kazi ya shosh". Na ile bei unamtupia msee anayeuza kofia za mkono pale tao, ati "si unipee na soo mbili tu niende", inaonyesha hujui umeshika nini.

Sikukasirikii. Hakuna mtu alitufunza hii historia. Shuleni tulisoma Vita Vikuu, tukasoma mapinduzi ya viwanda, tukachora ramani ya reli mpaka Kisumu. Lakini uzi? Sindano? Kofia? Hizo ziliachiwa somo la sayansi kimu, kama vile hazijawahi kubadilisha maisha ya mtu. Kumbe zimebadilisha ya wengi sana. Hii stori ya kofia moja rahisi ina njaa ndani, ina ukoloni, ina dini, ina hesabu, na ina pesa. Twende polepole.

Kwanza tuelewane: krosheti ni nini?

Ukisema krosheti Nairobi, nusu ya watu wanafikiria nywele. Na hawajakosea kabisa, juu ile ndoano msusi anatumia kuvuta braids kwenye mistari ni binamu wa karibu wa ile tunayotumia kufuma. Neno lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni ndoano ndogo. Basi. Hakuna siri kubwa.

Watu wengi huchanganya krosheti na ile kazi ya sindano mbili, ile ya kufuma sweta za shule. Tofauti ni hii. Kwa sindano mbili, vishono vingi vinakaa wazi kwa sindano wakati mmoja, ndiyo maana ikichomoka unalia. Kwa krosheti, unashika ndoano moja, uzi mmoja, na kishono kimoja tu ndicho kiko wazi. Unakimaliza, unaenda kwa kinachofuata. Kazi inaweza kuingia kwa begi, ukapanda mat, ukashuka Ngara, ukaendelea pale uliachia. Kumbuka hii sehemu, juu ndiyo itakuja kueleza kwa nini wanawake maskini wa nchi tofauti tofauti waliichukua haraka hivyo.

Krosheti si ya kale sana. Watu hupenda kusema ati ilikuwako tangu enzi za Mafarao, lakini ushahidi wa maandishi ni wa juzi: mifano ya kwanza kuchapishwa tunayoijua ilitoka kwa jarida moja la Uholanzi lililoitwa Penélopé, mwaka 1823, na ilikuwa ya vijimfuko vya pesa. Miaka mia mbili na kitu. Kwa historia ya nguo, huyo ni mtoto mdogo.

Kofia yenyewe: sita, kumi na mbili, kumi na nane

Sasa chukua ile kofia rahisi kabisa, ile kila mtu anayejifunza huanza nayo. Unafunga kitanzi cha uzi, unaweka vishono 6 ndani, unavuta kinafunga. Hicho ndicho kitovu. Raundi ya pili unaweka vishono viwili juu ya kila kishono, unapata 12. Raundi ya tatu unaongeza kimoja kila baada ya kimoja, unapata 18. Halafu 24, 30, 36. Kila raundi unaongeza sita, na duara linalala bapa kama chapati.

Kwa nini sita na si nne ama tisa? Hapa ndipo mwalimu wako wa hesabu angetabasamu. Kishono kifupi cha krosheti kina upana karibu sawa na urefu wake. Duara likipanuka kwa kishono kimoja kila upande, mzingo wake unaongezeka kwa pai mara mbili, yaani 6.28 hivi. Karibu sita. Shosh yako ambaye hakuwahi kuingia fomu wani amekuwa akitumia pai kwa mkono miaka yote, na hakuna mtu alimpa cheti.

Kichwa cha mtu mzima wa kawaida kina mzingo wa sentimita 56 hivi. Gawanya kwa pai, unapata karibu 18. Kwa hivyo duara lako likifika sentimita 17 ama 18 kwenda ng'ambo, unaacha kuongeza. Sasa unazunguka tu, bila kuongeza bila kupunguza, na ukuta wa kofia unaanza kushuka wenyewe.

Na sikiza sasa uone utamu wake. Mwanzo ni huo huo mmoja, lakini pale unaamua kusimama ndipo kofia inapata jina. Ukishuka sentimita chache tu halafu ukafunga, umepata kofia ndogo ya kukaa utosini, ile Waislamu wengi huvaa wakienda kuswali, na ile watu wa Afrika Magharibi na Wamarekani weusi huita kufi. Ukiendelea mpaka ifunike masikio, umepata marvin. Ukiendelea zaidi mpaka ifunike uso ukaacha nafasi ya macho, hiyo ni boshori. Ukishuka kidogo halafu ukaanza kuongeza tena, ukingo unafunguka na umepata kofia ya baketi. Na ukipanua duara kuliko kichwa, halafu ukapunguza ghafla hapo mwisho, umepata ile tam kubwa ya marasta.

Je, ukiongeza kuliko inavyotakiwa? Duara linakataa kulala, linaanza kujikunja kama jani la sukuma wiki. Wengi hufumua hapo. Lakini mwaka 1997, mwanahesabu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Daina Taimiņa, aliongeza hivyo kwa makusudi. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake umbo linaloitwa haipaboliki, ambalo wanahesabu walikuwa wamelizungumzia tangu karne ya 19. Vielelezo vya karatasi vilikuwepo, lakini vilikuwa vinararuka. Yeye akalifuma kwa krosheti. Likakaa. Wanafunzi wakaweza kulishika, kulikunja na kulielewa. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni kazi ya kupoteza wakati, mwambie kuna hesabu za chuo kikuu zilizoeleweka vizuri baada ya mtu kuchukua uzi na ndoano.

Njaa iliyofundisha kijiji kizima kufuma

Turudi nyuma. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwa viazi huko Ayalandi. Hii haikuwa shida ya chips. Maskini wa Ayalandi walikuwa wanategemea viazi kama vile sisi tunategemea unga. Viazi vikaoza shambani, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mapema miaka ya 1850, watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamepanda meli kuondoka. Na chakula kingine kiliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza wakati huo huo. Ukiwa Mkenya, hiyo sehemu ya mwisho haikushangazi.

Katikati ya hiyo shida, masista wa kanisa katoliki na wake wa mapasta wa Kiprotestanti walianza kufundisha wanawake krosheti. Pale Cork, watawa wa Ursuline walifundisha wasichana kufuma lesi. Pale Clones, mke wa pasta aliyeitwa Cassandra Hand alianzisha mafunzo mwaka 1847, mwaka ambao unakumbukwa kuwa mbaya kuliko yote. Lesi za sindano za kawaida zilikuwa zinachukua muda mrefu mno. Krosheti ilikuwa haraka, vifaa vilikuwa bei rahisi, na mtu angeweza kuifanya nyumbani akiwa na watoto miguuni. Unakumbuka nilisema kazi inaingia kwa begi? Ndiyo hiyo.

Lesi ya Ayalandi ikaenda London, ikaenda Paris, ikaenda New York. Wanawake matajiri wakaivaa shingoni bila kujua jina la aliyeifuma. Pesa zikarudi vijijini. Kuna familia zilinunua chakula nazo, na kuna zile zilizitumia kulipa nauli ya meli ya kwenda Marekani. Fikiria hiyo: mtu amevuka bahari ya Atlantiki kwa pesa ya vishono.

Lakini usiifanye hii stori kuwa tamu sana. Aliyepata faida kubwa hakuwa mfumaji. Kulikuwa na mawakala katikati, na mtindo ulipobadilika huko Paris, mwanamke wa Clones ndiye alisikia baridi kwanza. Weka hiyo kando, tutairudia.

Malkia, misheni, na vijiji vya waya

Malkia Victoria mwenyewe alikuwa anafuma krosheti. Si mzaha. Akiwa mzee, wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, alifuma skafu 8 kwa mkono wake na zikatolewa kwa wanajeshi kama zawadi ya ushujaa. Kwa hivyo yule mama ambaye ufalme wake ulijitangazia himaya hapa kwetu mwaka 1895 alikuwa anajua kuongeza na kupunguza kama wewe.

Na hilo si jambo dogo, juu Waingereza walikuja na wazo lao la mwanamke mwema anafaa kuwa nani. Mwanamke mwema hukaa nyumbani, nyumba yake ni safi, na mikono yake ina sindano. Shule za misheni zilifundisha wavulana useremala na ukarani, wasichana wakafundishwa kushona. Haikuwa bahati mbaya. Kushona kulikuwa sehemu ya kumtengeneza mke wa Kikristo wa karani.

Halafu ikafika 1952. Oktoba 20, hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka huo huo ndio Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa chini ya idara ya serikali ya kikoloni, na mwanzoni viongozi wake walikuwa wanawake wa Kizungu. Vilabu vilifundisha mapishi, malezi, usafi, kushona na kufuma. Kwa karatasi ilikuwa maendeleo tu. Lakini serikali ilikuwa inajua vizuri kwamba bila wanawake, Mau Mau ingekufa njaa msituni. Wanawake ndio walikuwa wanapeleka chakula, risasi na habari. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa kati ya nchi waliondolewa kwa mashamba yao wakasongamanishwa kwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Ndani ya hali hiyo, kilabu cha kufuma hakikuwa kilabu cha kufuma tu. Kilikuwa njia ya kuwavuta wanawake upande wa serikali.

Hapa ndipo watu wengine wa rika langu husema, "Basi krosheti ni ukoloni, tuitupe." Nawaelewa. Na siwezi kujifanya hiyo sehemu haipo. Lakini historia haikuishia hapo, na wale wanawake hawakuwa wajinga.

Ukiwapatia wanawake sababu halali ya kukaa pamoja kila wiki, umewapa zaidi ya uzi. Wanaongea. Wanajua nani ana shida. Wanachanga. Wanachagua mwenyekiti, mweka hazina na katibu, wanaandika kumbukumbu. Yaani wanajifunza kuendesha kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake. Baadaye akawa mbunge wa Karachuonyo, na mwaka 1997 akapeleka bungeni hoja ya kuwapa wanawake nafasi zaidi za uongozi. Haikupita. Lakini ukisoma katiba ya 2010 pale inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, unasikia sauti yake. Kikundi kilichotengenezwa kufuga wanawake kikaishia kuwapa wanawake jukwaa. Sisemi sindano ndiyo ilifanya hivyo. Nasema waliokuwa wameshika sindano ndio walifanya.

Vitambaa vya mathe havikuwa mapambo

Kama umekulia Kenya, unajua vitambaa. Vile vyeupe vya krosheti vya kuwekwa juu ya kochi, juu ya stuli, juu ya TV ile ya mgongo, hadi juu ya redio. Mgeni akija vinabadilishwa. Ukimwaga chai juu yake unatafuta pa kuhamia.

Sisi tulivicheka sana. Tukavifanya memu. Lakini kaa chini ufikirie. Mwanamke ameamka saa kumi na moja, ameenda shamba ama soko ama ofisini, amerudi akapika, na hapo katikati, kwa matatu, kwa foleni ya hospitali, kwa mkutano wa chama, ametoa sindano. Kiasi cha uzi anachonunua ni kile ameweza wiki hiyo. Wengi walianza na spoki ya baiskeli iliyochongwa, juu ndoano ya duka ilikuwa ya wenye nazo. Anafuma seti moja, anauza kwa mwalimu jirani. Anafuma nyingine, anailipia karo. Seti ya tatu ndiyo inabaki nyumbani.

Hivyo vitambaa vilikuwa vinasema: hata kama nyumba ni ya mabati, humu ndani kuna mtu ana mpangilio. Na vilikuwa akiba pia. Kuna watu wako na digrii leo, na uzi mweupe ndio ulilipa muhula wa kwanza.

Na kabla hujasema krosheti ililetwa tu na Wazungu, angalia kiondo. Mama wa Ukambani anaanza kiondo chake katikati ya kitako, anazunguka, anaongeza nyuzi kadri duara linavyopanuka, likifika upana anaotaka anaacha kuongeza na ukuta unapanda. Mbinu ya mkono si sawa na krosheti, lakini akili ya umbo ni ile ile. Kofia ni kiondo kilichopinduliwa. Nenda Pwani pia. Kofia za mkono za Lamu na Mombasa, zile za vishimo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hushonwa kwa wiki nyingi, na ndugu zake wako Zanzibar mpaka Oman. Huyo fundi hakungoja misheni imfundishe uvumilivu. Ndoano ilikuja na meli, sawa. Mikono ilikuwa tayari.

Kichwa kinaongea kabla mdomo

Sasa turudi kwa zile kofia nne ama tano tulizotengeneza pale juu, juu kila moja ina siasa yake.

Boshori tunaihusisha na makanga wa asubuhi na walinzi wa usiku. Dunia inaiita balaclava, kutokana na mji wa Balaklava kule Crimea, ambapo vita vikali vilipiganwa Oktoba 1854. Wanajeshi wa Uingereza walipigwa na baridi kali, na wanawake nyumbani wakawa wanafuma vitu vya sufu na kuwatumia. Kofia ya kumtunza mtu asigande. Leo ukiivaa saa tatu usiku ukipita mbele ya land cruiser ya polisi, jiandae kujieleza. Kofia haijabadilika. Macho yanayoiangalia ndiyo yamebadilika.

Marvin nayo? Ukiuliza jina limetoka wapi, wengi watakuambia ni Marvin Gaye, yule mwimbaji wa Marekani aliyependa kofia nyekundu ya sufu miaka ya 1970. Ni Wakenya tu tungeona kofia kwa kichwa cha msanii tukaamua hilo ndilo jina lake milele.

Halafu kuna tam. Novemba 2, 1930, Ras Tafari alitawazwa kuwa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia. Ng'ambo ya bahari, kule Jamaika, wajukuu wa watumwa walisikia habari za mfalme mweusi na wakajenga imani juu yake. Nywele zikaachwa zikue bila wembe, na nywele hizo zikahitaji kofia kubwa ya kuzibeba. Krosheti ikafaa kabisa, juu inanyooka, inapumua, na mtu anaweza kujifumia kwa kipimo cha kichwa chake mwenyewe. Nyekundu, dhahabu na kijani, rangi zinazohusishwa na Ethiopia. Jina tam lenyewe limetoka kwa kofia ya Waskoti. Yaani jina la Skoti, ndoano ya Ulaya, mfalme wa Afrika, kichwa cha Jamaika. Halafu reggae ikaileta kwetu kwa matatu, na wewe unashukia barabara ya Haile Selassie kila asubuhi bila kufikiria hiyo safari yote.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2019, mwanafunzi mmoja hapa Nairobi alifukuzwa shule akiwa fomu wani kwa sababu ya rasta zake. Familia ikaenda kortini. Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu ikasema Urastafari ni dini kama zingine, na akarudishwa darasani. Kile mtu anabeba juu ya kichwa chake kilihitaji jaji. Kwa hivyo usiniambie kofia ni kofia tu.

Mashine haijui kukrosheti

Hii ndiyo sehemu nataka ukae nayo. Sweta yako ya shule ilifumwa na mashine. Soksi zako, mashine. Fulana, mashine. Lakini mpaka leo, krosheti ya kweli haitengenezwi na mashine viwandani. Kuna mashine zinazofuma kitambaa kinachofanana nayo kwa mbali, lakini ukikiangalia vizuri unaona si vile. Kila kofia ya krosheti ya kweli uliyowahi kuona, popote duniani, iwe kwa duka la kifahari ama kwa bale la mtumba Gikomba, kuna mtu alikaa chini akaifuma kishono baada ya kishono.

Sasa piga hesabu. Ukiona mtandaoni top ya krosheti halisi kutoka nchi ya mbali inauzwa bei ya chips na soda, usiseme "wueh, deal!" Jiulize yule mtu alilipwa ngapi. Ukitoa uzi, ukitoa usafiri, ukitoa faida ya kampuni, imebaki nini ya mikono? Ni ile ile stori ya Clones. Mfumaji yuko mwisho wa mstari.

Na hapa nyumbani tunafanya vile vile. Shule zilipofungwa Machi 2020 na zikakaa hivyo kwa wengi mpaka Januari 2021, vijana wengi walijifunza krosheti kwa simu. Wengine hawakuacha. Leo wako na kurasa zao, wanafuma kofia za baketi, marvin, tops, mikoba. Nami nafuma, kwa hivyo nitakupa hesabu ya mfano. Tuseme uzi wa kofia moja ni soo mbili. Tuseme kazi ni saa nne, kwa mtu mwenye kasi. Ukinunua kofia kwa soo tatu, umemlipa huyo mtu shilingi 25 kwa saa. Hapo hujahesabu nauli ya kwenda kununua uzi tao, bando ya kupost, na boda ya kuleta mzigo. Shilingi 25. Hata smokie haikushindi bei hiyo.

Najua utasema, "Lakini mtumba kuna marvin za hamsini." Ni kweli, na kama uko na hamsini, nunua ya hamsini, sina ubaya. Baridi ya Julai haingoji mshahara. Ninachokataa ni kumfuata fundi, kusifu kazi yake, kuomba rangi yako, kipimo chako na lebo yako, halafu kumwambia shosh yako angekufanyia bure. Shosh hakufanya bure. Alilipwa kwa njia ambayo hukuiona, ama hakulipwa, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kwa wafumaji pia niko na neno. Acheni kuona haya kutaja bei. Andikeni saa zenu. Mkiulizwa mbona ghali, msiombe msamaha, elezeni. Fanyeni kile mathe zetu walifanya: kaeni kikundi, nunueni uzi kwa jumla, wekeni bei ya chini ambayo hakuna mmoja wenu ataishukia. Mtu mmoja akikataa soo tatu, mteja anaenda kwa jirani. Wote mkikataa, mteja anaingia mfukoni. Hiyo si siasa kubwa. Ni chama tu, na hiyo lugha tunaijua tangu tukiwa watoto.

Na kama hujawahi kufuma, jaribu kofia moja. Moja tu. Sita, kumi na mbili, kumi na nane. Ya kwanza itatoka kama sufuria iliyokanyagwa na hiyo ni sawa. Ukifika raundi ya kumi, mkono unauma na kofia haijafika hata kwa sikio, hapo ndipo utajua bei ya kofia. Halafu nenda kwa yule msee wa tao, uchukue ile uliyoipenda, na ulipe vile amesema.